UZI: Wikiendi ya majahazi Bagamoyo, na meli mbili zilizopita Dodoma pasipo bahari

Mjukuu wa Gengi

Wakuu, mbukwenyi.

Uzi huu utakuwa mrefu, naomba mnivumilie. Wikiendi iliyopita tulikuwa sita, wote wakazi wa hapa Dodoma, tukateremka Bagamoyo kwa jambo moja tu: kuviona vyombo vya zamani vya baharini, kuvigusa, na kukaa na wanaovitengeneza. Tuliondoka Ijumaa mchana kwa SGR, tukalala usiku mbili, Jumapili usiku tukawa majumbani kwetu.

Kilichotupeleka ni hiki. Siku moja nilikuwa namsubiri mgeni pale stesheni ya zamani mjini, ile ya reli ya kati. Nilikuwa na rafiki yangu Mazengo, mwalimu wa historia. Akaninyooshea kidole kwenye reli, akasema, "Hapa imepita meli." Nikamwambia aache utani. Akanikalisha kwenye benchi akanieleza.

Meli ya Liemba ya Kigoma, zamani ikiitwa Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilipokwisha kuunganishwa ikafunguliwa tena, ikafungwa kwenye masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari. Pale ikapakiwa kwenye treni kwenda Ziwa Tanganyika. Reli yenyewe ilifika Kigoma Februari 1914, na haina njia nyingine ya kufika huko isipokuwa hii. Kwa hiyo meli ya mita 71 imepita Gulwe, imepita Kikombo, imepita Dodoma mjini, Bahi, Saranda, bati kwa bati, ikaenda kuunganishwa Kigoma na kuingizwa majini Februari 1915.

Babu yangu alikuwa mtu wa gengi la reli pale Kikombo. Kazi yake ilikuwa kutembea kwenye hizo reli kila siku, kukaza, kufukia kokoto, kubadilisha mataruma. Amefariki bila mtu hata mmoja kumwambia kwamba reli alizokuwa akizitunza ziliwahi kubeba meli. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Tumezoea kuambiwa, na sisi wenyewe tumezoea kusema, kwamba bahari na meli ni habari za watu wa pwani. Nikamwambia Mazengo, twende tukaanzie baharini, turudi nyuma mpaka hapa.

Naendelea, ngoja nipike chai.

Zabibu za Mpunguzi

Nimeshavuta kiti. Miaka 20 napita pale stesheni na sikuwa najua.

Kigoma Mwisho wa Reli

Heshima kwako mkuu. Mimi ni mtu wa Ujiji na nimepanda Liemba mara mbili, kwenda Kasanga na kurudi. Acha niongezee kidogo kabla hujaendelea.

Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, karibu na mlango wa Malagarasi, ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, wakakuta injini bado ni nzima. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa letu kwa wenyeji wa kusini.

Sasa sikiliza na hili. Ile meli ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyoishia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Mzinga ule nao ulifikaje Kigoma? Kwa reli. Kwa hiyo kwenu hapo zimepita si meli moja tu, na kipande cha pili kimepita kikiwa chuma cha vita.

Mjukuu wa Gengi

Kigoma Mwisho wa Reli, asante sana. Hilo la mzinga ndiyo kwanza nalisikia, nimemtumia Mazengo sasa hivi.

Naendelea.

Ijumaa haina mengi. Treni nzuri, nauli ya daraja la kawaida 31,000, Dar tulifika kabla ya magharibi. Tulikuwa tumekodi Noah, tukashika barabara ya Bagamoyo, kama kilomita 70, foleni ya Tegeta ikatumaliza. Tukala, tukalala.

Jumamosi saa 12 kasoro asubuhi tulikuwa ufukweni, chini ya lile jengo la forodha la Wajerumani. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa. Wenzangu wawili hawakuwahi kuona bahari ikiwa imepwa. Walisimama wakashangaa kwamba majahazi yamelala ubavu kwenye mchanga, na watu wanayaendea kwa miguu kama unavyokwenda gulioni. Wapagazi walikuwa wakishusha magunia na madumu, maji yakiwafika magotini, mzigo begani, hakuna gati wala winchi. Mwajuma, ambaye ndiye pekee kati yetu mwenye asili ya pwani (mama yake ni mtu wa Saadani), akatuambia tusisimame njiani mwa wapagazi, tusogee tukae kwenye kivuli.

Kule kwenye kivuli ndiko tulikomkuta fundi.

Ni mzee wa miaka 70 na kitu, yuko na vijana wanne, wanaunda mashua mpya juu ya magogo. Tulimwamkia, tukampa kikapu cha zabibu tulizotoka nazo huku, zile za mwisho wa msimu. Alizitazama sana. Akaniuliza zinaota kwenye mti au zinatambaa. Nikamweleza jinsi tunavyozipogoa na kuzivutia waya. Akaniambia, "Basi na wewe ni fundi, kaa." Tulikaa pale mpaka adhuhuri.

Wakuu, sijui nianzie wapi. Hana ramani. Hana karatasi hata moja. Ana kamba yenye mafundo, ana jicho lake, basi. Mataruma ya chombo, zile mbavu za ndani, hayakatwi kwa kupindisha ubao. Anakwenda kutafuta tawi la mwembe lililopinda lenyewe kwa kipimo anachokitaka. Alinionyesha taruma moja akaniambia alilisubiri zaidi ya mwaka, alikuwa ameshauona mti na mwenye mti hajakubali kuuza.

Ubao hutobolewa kwa keekee kwanza ndipo msumari uingie, la sivyo unapasuka. Na chini ya kichwa cha kila msumari wanazungusha uzi wa pamba uliochovywa mafuta ili maji yasipate njia. Kila msumari. Nilijaribu kuihesabu misumari ya upande mmoja, nikafika 200 na bado sijafika katikati.

Kisha kalafati. Kijana anachukua pamba, anaisokota juu ya paja mpaka iwe kamba nene kama kidole kidogo, anaichovya kwenye mafuta ya nazi, anaipachika kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, anaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mzee alikuwa amekaa mbali kidogo ametupa mgongo, anasikiliza. Mwanya ukiwa haujajaa, nyundo inalia kwa mwangwi kama debe tupu. Ukijaa, sauti inakuwa fupi, inakufa hapohapo. Akisikia mwangwi anasema tu, "Rudia," hata hageuki.

Alinipa nyundo. Nilishindilia kama shubiri moja. Akaja, akaweka sikio, akachukua msumari akaivuta pamba yangu yote nje, akanishika mkono akanionyesha pembe ya kuigonga patasi. Mara ya pili akaiacha. Shubiri hiyo iko ndani ya ile mashua, upande wa kushoto karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, na itaenda baharini.

Binti Mwambao

Kaka yangu, nimesoma nikalia. Baba yangu alikuwa fundi mashua Pangani.

Nirekebishe kidogo kwa heshima, kwa sababu kichwa cha uzi kinasema majahazi na wenzetu wa bara wataona kila chenye tanga ni jahazi. Jahazi ni kubwa, ndilo la mizigo na safari ndefu. Mashua ni ndogo yake, tezi yake imekatwa wima. Dau limechongoka mbele na nyuma. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lina marengu mawili ubavuni ya kulizuia lisipinduke. Na mkubwa wao wote kwa umri ni mtepe, ambao haukuwa na msumari hata mmoja; mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mtepe umekwisha baharini tangu karne iliyopita. Unguja walijenga mmoja wa kuonyesha, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, na sehemu ya jumba hilo ikaporomoka Desemba 2020.

Mzee alikuonyesha ngama?

Mjukuu wa Gengi

Dada, shukrani, nimesahihisha kwenye daftari langu. Na ndiyo, alinionyesha ngama! Nilikuwa nakuja huko.

Alitupandisha ndani. Kule chini kabisa, katikati, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ndipo maji yote yanayoingia chomboni yanapokusanyika, na ndipo baharia anaposhuka kuyafua. Mazengo akasema, "Kumbe ndiyo hii!" Shuleni wote tulikaririshwa ile methali ya kuenda tezi na omo, marejeo ngamani. Tuliijibu kwenye mtihani, tukapata alama, na hakuna aliyekuwa akijua tezi iko wapi. Mzee akatusimamisha Mazengo kwenye tezi na mimi kwenye omo, yaani mbele, akasema, tembeeni. Ukitoka huku lazima ushuke hapa, ukitoka kule lazima ushuke hapa. Miaka 30 baada ya darasa la saba, nimeielewa kwa miguu.

Mama Tumaini wa Ipagala

Mwalimu wangu wa Kiswahili angekuwa hai ningempelekea hii. Na gharama je? Watoto wanakubaliwa pale?

Mjukuu wa Gengi

Mama Tumaini, shikamoo. Tulichanga 180,000 kila mtu. Ikatosha nauli ya kwenda na kurudi, Noah, kulala, kula na kukodi chombo cha saa chache. Watoto wapo wengi tu, ila asubuhi wakae mbali na wapagazi.

Sasa sehemu ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote.

Jumamosi mchana Mazengo alituketisha chini ya mwembe karibu na misheni ya zamani, ile iliyoanzishwa mwaka 1868. Ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake, kina Susi na Chuma na wenzao, kuubeba kutoka kijijini kwa Chitambo alikofia. Asubuhi yake ukachukuliwa na meli ya Kiingereza, Vulture, kwenda Unguja. Hilo wengi tunalijua. Alichotuambia baada ya hapo hatukukijua.

Novemba ya mwaka huohuo, 1874, Stanley alitoka Bagamoyo na msafara mkubwa, na ndani ya msafara kulikuwa na mashua. Iliitwa Lady Alice. Ilitengenezwa Uingereza kwa mbao za mwerezi, urefu futi 40, na iligawanywa vipande ili ibebwe na watu. Ilipofika Unguja vikaonekana ni vizito mno kwa wapagazi, ikabidi vikatwe upya viwe vyembamba zaidi. Kisha ikapandishwa mabegani.

Na njia yake, wakuu, ni hii yetu. Desemba walikuwa Mpwapwa. Kisha wakaingia Ugogo, mvua zimeanza, chakula hakuna, na watemi wa Kigogo wanadai hongo, yaani ushuru wa kupita, kama walivyowadai wote waliotaka kupita na kunywa maji ya visima vyao. Fikirieni mama mmoja wa Kigogo amesimama shambani kwake, uwele ndiyo kwanza unachipua, anaona watu wanapita wamebeba mashua kwenye matope mekundu, na bahari iko mwendo wa mwezi nyuma yao na ziwa mwendo wa miezi mbele. Naamini kabisa kuna aliyeiona. Alirudi nyumbani akasema nini? Hakuna aliyeandika. Aliyeandika ni Stanley, na aliandika habari za hongo.

Kwa hiyo meli mbili. Moja mabegani mwaka 1874, moja kwenye mabehewa miaka 40 baadaye. Zote zimepita kwetu, na waliozibeba ni watu kama babu yangu. Wapagazi wa Stanley wengi walikuwa Wanyamwezi na watu wa pwani. Waliojenga reli ni Waafrika kwa maelfu. Nikitazama wale vijana wa asubuhi wakitembea majini na gunia begani, nikaona ni kazi ileile.

Mnyaturu wa Ikungi

Mkuu umenigusa. Kutoka Ugogo mashua hiyo iligeuka kaskazini magharibi ikaingia kwetu, Singida. Edward Pocock, mmoja wa vijana watatu wa Kizungu waliofuatana na Stanley, alifia kwetu Unyaturu Januari 1875 kwa homa. Siku chache baadaye yakatokea mapigano ya Vinyata, watu wakafa pande zote mbili. Kisha Iramba, kisha Usukuma, na mwisho wa Februari wakafika Kageyi, ziwani. Ndiyo Lady Alice ikaunganishwa na kulizunguka Ziwa Viktoria.

Shule nilizosoma Singida nilifundishwa "Stanley alizunguka Ziwa Viktoria". Hakuna aliyesema mashua ilipita kwenye viwanja vya babu zangu.

Mrangi Ughaibuni

Salamu kutoka Uingereza, nyumbani ni Kondoa. Huku nimewahi kwenda na marafiki wikiendi kama yenu, Portsmouth. Kuna meli Victory iliyoshushwa majini mwaka 1765 na kupigana Trafalgar mwaka 1805. Kuna Mary Rose iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa mwaka 1982, ubavu mmoja tu umebaki, imewekwa ndani ya jumba lake lenyewe, unaitazama kwa vioo. Inapendeza na wanaitunza sana, nilitoka pale nimenyamaza.

Lakini hakuna aliyenipa nyundo. Kalafati ya pale walitumia nyuzi za katani na lami, wewe umetumia pamba na mafuta ya nazi, kazi ni moja. Tofauti ni kwamba yule fundi wako yupo hai na bado ana vijana wanne. Muulize ana mwanafunzi wa kurithi jicho lake?

Mjukuu wa Gengi

Mrangi, niliuliza. Alinionyesha mmoja kati ya wanne. Akasema wale watatu wanajua kazi, huyu mmoja anasikia. Nikaelewa anamaanisha ile nyundo.

Jumapili ndiyo ilikuwa nusura ituharibikie. Tulikodi mashua ya zamani kidogo, nahodha na baharia mmoja, tutoke saa 2 asubuhi turudi saa 5, ili saa 7 tuwe njiani kwenda Dar. Kutoka tulitoka vizuri na umande, ule upepo wa asubuhi utokao nchi kavu, tanga limejaa, foromali, ule mti unaobeba tanga, inalia taratibu juu ya mlingoti. Mwajuma akaanza kuimba. Harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki wanayoyapaka chombo, mwanzoni ilitusumbua, baadaye tukaizoea kabisa.

Saa 4 upepo ukafa. Shwari. Bahari ikawa kama sinia. Nahodha akasema hii ni miezi ya maleleji, kaskazi inaondoka na kusi haijafika, upepo hauna mwenyewe. Chombo hakina mashine. Tulikaa pale karibu saa mbili, tunaona paa la forodha kwa mbali na hatulisogelei. Mmoja wetu alianza kumfokea nahodha kuhusu treni. Nahodha hakujibu, akachukua kasia akaanza kuvuta, baharia akachukua la pili. Mazengo akaomba lile la baharia. Tukapokezana mpaka mikono ikatoka malengelenge, na aliyefoka akavuta kuliko wote. Karibu na adhuhuri upepo wa bahari ukaja, kwanza kama mikunjo midogo juu ya maji, nahodha akaiona kabla yetu sote akaenda kushika demani, ile kamba ya tanga.

Dar tuliingia stesheni zimebaki dakika 20. Nashauri atakayekwenda apande chombo Jumamosi, asiweke bahari na treni siku moja.

Usiku ule treni ilipokuwa inapanda huku Dodoma, wenzangu wote wamelala, nilikuwa nimeegemea dirisha. Gizani huoni kitu. Lakini najua reli ya zamani haiko mbali na hii mpya, na maeneo ya Kikombo nilisimama.

Zabibu za Mpunguzi

Kaka, hapo mwisho nimeshindwa kuandika kitu. Ubarikiwe.

Kigoma Mwisho wa Reli

Mkiamua kumalizia njia, Kigoma mna mwenyeji. Nitawapeleka bandarini mwenyewe na Ujiji mtalala kwangu.

Mjukuu wa Gengi

Kigoma Mwisho wa Reli, tunakuja. Na tutakuja kwa reli ya zamani, si kwa basi, nimeshawaambia wenzangu.

Taarifa ya leo asubuhi: mzee fundi amenipigia simu. Mashua imeshapakwa deheni, ile chokaa na mafuta ya chini ya chombo, inashushwa majini bamvua, yale maji makuu, ya mwezi mpevu unaokuja, maji yakijaa alfajiri, kabla masika hayajashika. Anahitaji watu wa kuivuta kwa kamba kutoka kwenye magogo, na amesema Wagogo waje. Tunaondoka Ijumaa. Kwenye Noah zimebaki nafasi mbili. Mama Tumaini, moja nimekuwekea wewe.